Fisi maji wa Ziwa Victoria na kesi yake na wavuvi

Kwenye simu fisi maji ni kale kamnyama kanakoelea chali kamebeba jiwe kifuani kanapasulia kome, au kale kanakolishwa na kuogeshwa sebuleni kwa watu huko Japan, na chini watu wanaandika jamani na mimi nakataka kangu. Sasa tuanze kwa kusafisha hapo. Yule wa jiwe ni fisi maji wa bahari, anaishi Pasifiki ya kaskazini, huku kwetu hayupo. Yule wa sebuleni mara nyingi ni fisi maji mdogo wa Asia, ambaye biashara yake ilifika pabaya mpaka mwaka 2019 nchi za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, zikampandisha kwenye orodha ya kwanza, ile inayofunga biashara ya kimataifa. Wa kwetu ni mwingine kabisa, na ukimtaja mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, usitegemee mtu aseme ni mzuri. Mwaloni ni mwizi. Anakula samaki waliokwisha nasa, anachana nyavu, na akikutwa ndani ya nyavu basi siku yake imeisha.

Nataka tuifungue hiyo kesi taratibu, maana ukitaka kujua kama kweli mnyama huyu anamnyang'anya mvuvi riziki inabidi ujue kwanza anaishi wapi hasa, anatoka saa ngapi, anaona nini chini ya maji na mdomo wake unameza samaki wa ukubwa gani. Wengi wetu tunaruka hayo yote tunaenda moja kwa moja kwenye hukumu.

Duniani kuna spishi 13 au 14 za fisi maji, inategemea nani anahesabu. Afrika kusini mwa Sahara zipo 3. Wote ni ukoo mmoja na nyegere na kicheche, na fisi wa porini unayemjua hana undugu nao wowote wa karibu. Wa kwanza ni yule mkubwa asiye na kucha, kilo 10 mpaka kuelekea 20, koo lake jeupe, na mikono yake ya mbele imekaa kama vidole vya mtu, haina kucha wala ngozi ya kuunganisha vidole. Huyo anawinda kwa kupapasa. Anaingiza mikono chini ya mawe, kwenye tope, kwenye mizizi, anatoa kaa na vyura, kwa hiyo maji yakiwa machafu yeye hana shida sana. Wa pili ni ndugu yake wa Congo anayefanana naye sana, anapatikana misitu na mabwawa ya bonde la Congo na kusogea mpaka Rwanda, Burundi na magharibi mwa Uganda. Wa tatu ndo mwenye kesi yetu leo, fisi maji wa shingo ya madoa.

Huyu ni mdogo. Kilo 3 mpaka 6 hivi, dume kubwa kuliko jike, na ukimpima kutoka pua mpaka ncha ya mkia unapata kama mita moja, theluthi moja au zaidi kidogo ikiwa ni mkia. Rangi yake ni kahawia iliyokolea, akiloa anaonekana mweusi, alafu kwenye koo na kifua ana madoa ya rangi ya maziwa yaliyokaa hovyo hovyo, na hakuna wawili wenye mpangilio mmoja, ndo maana watafiti wakipata picha nzuri ya koo wanaweza kumtambua huyu ni yule wa juzi. Miguu yote 4 ina kucha na ina ngozi kati ya vidole. Hapo tu unaona ni mnyama aliyejengwa kwa kazi tofauti na yule mkubwa. Yule ni mpapasaji, huyu ni mkimbizaji. Anamwona samaki, anamfuata, anamkamata kwa meno.

Na hilo neno anamwona nisaidie kulishika, maana karibu kila kitu kingine kuhusu huyu mnyama kinatokea hapo.

Kwa sababu anawinda kwa macho anahitaji maji ambayo jicho linapita. Ana sharubu ngumu zinazohisi mtikisiko wa maji na zinamsaidia, lakini haziwezi kubeba uwindaji wote peke yake. Ndo maana utamkuta kwenye maziwa yenye maji maangavu, kwenye mito yenye vidimbwi virefu visivyokauka, kwenye mabwawa yenye maji masafi, na humkuti kwenye mto wa msimu unaoshuka na udongo mwekundu kila mvua ikinyesha. Maji ya chumvi pia hayataki. Ukitazama ramani ya Afrika yupo sehemu kubwa, kuanzia magharibi huko Senegal na Guinea Bissau mpaka Ethiopia na kushuka mpaka Afrika Kusini, lakini usidanganyike na ramani kwa sababu ndani ya eneo hilo lote kubwa yeye anaishi kwenye kamstari kembamba tu, ule ukingo ambapo maji na nchi kavu vinakutana. Akitoka nje ya maji haendi mbali, mara nyingi ni ndani ya mita 10 hivi. Na akiingia majini pia hapendi kwenda katikati ya ziwa, anafuata ufukwe, anazunguka visiwa na miamba.

Kwa hiyo mtu akikwambia Ziwa Victoria lina kilomita za mraba 68,800 hivyo fisi maji wana nafasi ya kutosha, mwambie hapana, hilo ziwa kwake ni pembezoni tu. Kule katikati kwenye kina kirefu ni sawa na hamna ziwa.

Na sio kila pembezoni. Anataka ufukwe wenye mahali pa kujificha na kulala: mianya ya miamba, mashimo chini ya mizizi ya miti inayoning'inia majini, matete mazito, mafunjo. Ukitazama picha za Kisiwa cha Rubondo, ile hifadhi ya taifa iliyotangazwa 1977 kusini magharibi mwa ziwa upande wa Geita, utaelewa haraka kwanini ni sehemu mojawapo nzuri kabisa ya kumwona. Msitu unashuka mpaka majini, kuna mawe, kuna ghuba ndogo ndogo zenye mafunjo, watu hawalimi mpaka ukingoni, na uvuvi wa biashara ndani ya mipaka ya hifadhi hauruhusiwi. Watu wengi wanaijua Rubondo kwa sokwe waliopelekwa pale miaka ya 1960 na kwa nzohe, yule swala wa kwenye vinamasi, sawa, lakini hao sokwe ni wageni waliletwa kwa meli, fisi maji ni mwenyeji. Mtafiti Jan Reed-Smith kutoka Marekani aliwasoma fisi maji hawa hapo Rubondo, na kabla yake kulikuwa na J. Procter aliyeandika habari zao mwaka 1963 enzi nchi ikiitwa Tanganyika, kwa hiyo sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu mnyama huyu imetoka ziwa hili hili. Hili watu wa huku hatulisemi vya kutosha.

Uganda nako yupo, na Ziwa Bunyonyi kule kusini magharibi limepata jina kwa watalii kwa ajili yake. Rwanda aliwahi kusomwa kwenye Ziwa Muhazi. Ziwa Tanganyika yupo, Ziwa Nyasa yupo.

Siku yake inakwendaje? Anaanza mapema, jua halijawa kali, anavua, anapumzika mchana kwenye mwamba au ndani ya shimo, alafu jioni anarudi kazini tena mpaka giza liingie. Usiku wa mbalamwezi anaweza kuendelea, usiku wa giza totoro kazi inakuwa ngumu kwa sababu ile ile ya macho. Mbizi zake ni fupi, nyingi hazifiki nusu dakika, anazama anaibuka anazama tena, na akipata kasamaki kadogo anakatafunia hapo hapo majini kichwa kikiwa juu, akipata kakubwa kidogo anakabeba mpaka ufukweni. Akitoka nje utamwona anajifuta, anajigaragaza kwenye majani na mchanga, anajilamba, anajikuna, na ukimwangalia kwa haraka utasema anacheza. Anacheza kweli wakati mwingine, hasa wadogo, lakini hiyo ya kujigaragaza ni matengenezo. Nyangumi na sili wana mafuta mazito chini ya ngozi yanayozuia baridi, fisi maji hana. Yeye anategemea manyoya tu, tabaka la chini laini na zito mno linaloshika hewa ili maji yasifike kwenye ngozi, na tabaka la juu refu linalolifunika. Manyoya yakichafuka au kushikana hewa inatoka, maji yanaingia, na mwili mdogo wa kilo 4 unapoteza joto haraka hata kwenye ziwa la huku Ikweta, kwa sababu maji ya nyuzi joto 25 bado ni baridi kuliko damu yake. Ndo maana pia anakula mara kwa mara. Tumbo lake ni jiko ambalo halitakiwi kuzimika.

Kuna kitu kingine ukitembea ufukweni utakikuta kabla hujamwona mwenyewe, vyoo vyake. Wanachagua mwamba au sehemu ya wazi karibu na maji na wanarudi hapo hapo kila siku, kinyesi kimejaa magamba na miba ya samaki, kina harufu kali ya samaki, kikikauka kinakuwa kama majivu yenye vipande vinavyometa. Sio uchafu wa bahati mbaya. Pale wanaachiana taarifa kwa harufu, nani kapita, jike au dume, eneo lina mtu au halina. Kwa mtafiti choo hicho ni dhahabu, anaokota, anaosha, anatenganisha magamba na vijifupa anajua wiki hiyo wamekula nini, bila kumgusa mnyama.

Kuhusu kuishi na wenzake, hapa mambo hayajanyooka na ndo maana utasoma maelezo yanayopingana. Kuna anayesema huyu ni mnyama wa peke yake, kuna anayesema wanaishi makundi. Wote wako sahihi. Kiini cha familia ni mama na watoto wake, baba hana majukumu ya malezi. Madume mara nyingine wanaungana wenyewe kwa wenyewe, kijiwe cha makapera yani. Na sehemu zenye chakula kingi kama Ziwa Victoria yameshaonekana makundi ya mpaka kama 20 wanaogelea pamoja, wanapiga miluzi na vilio vyembamba kuitana, lakini likija suala la kuvua kila mmoja anakamata wake. Sio kama mbwa mwitu wanaomzungushia swala. Samaki mdogo hagawanyiki, na kundi kubwa linatawanya samaki, hivyo ushirikiano wa kuwinda hauna faida sana kwao. Kinachowaweka pamoja pengine ni usalama na ujamaa tu, maana adui wapo: mamba yupo, na furukombe akimkuta mtoto juu ya maji hamwachi.

Kwa upande wa Tanzania, kwa maelezo ya Procter, kupandana ni kama mwezi wa 7 na watoto wanazaliwa mwezi wa 9, mimba ikiwa ya miezi 2 hivi. Watoto ni 1 mpaka 3, wanazaliwa macho yamefumba, hawajui kuogelea. Ndio, fisi maji anafundishwa kuogelea. Mama anakaa nao karibu mwaka mzima akiwaonyesha kazi, kwa hiyo jike mmoja hawezi kutoa wengi maishani mwake, na ukiua jike mmoja mwezi wa 10 umeua na waliobaki shimoni bila kuwaona.

Sasa turudi kwenye kesi. Anakula nini?

Jibu fupi ni samaki wadogo. Jibu refu linaanzia kwenye historia ya ziwa lenyewe. Ziwa Victoria lilikuwa ziwa la furu. Spishi zaidi ya 500 za hawa samaki wadogo wenye rangi rangi, wengine wanakula mwani, wengine konokono, wengine mayai ya wenzao, na wengi wao wakiishi karibu na ufukwe na kwenye miamba, pale pale fisi maji anapopita. Kwa mnyama wa kilo 4 mwenye macho makali, furu wa urefu wa kiganja ndo chakula chenyewe: hajui kukimbia mbali, anaishi eneo moja, anaingia mdomoni vizuri. Kisha miaka ya 1950 mpaka mwanzoni mwa 1960 akapandikizwa sangara. Mwanzo alikaa kimya, alafu mwanzoni mwa miaka ya 1980 akalipuka, akala furu mpaka inakadiriwa spishi kama 200 zikapotea. Mwaka 1990 Hans Kruuk na P.C. Goudswaard wakachapisha utafiti wao kuhusu hilo hilo, mabadiliko ya samaki wa Ziwa Victoria yamefanya nini kwenye chakula cha fisi maji. Yani swali lao lilikuwa kinyume na la mwaloni. Mwaloni tunauliza fisi maji amepunguza samaki kiasi gani, wao waliuliza sisi tuliobadilisha samaki tumemfanyia nini fisi maji.

Na angalia kilichobaki baada ya furu kupungua. Sangara mkubwa anaweza kufika mita 2 na kilo 200, huyo fisi maji hamgusi, akikutana naye ni bora akae pembeni. Dagaa ni wengi kupita kiasi, lakini dagaa wanakaa maji ya wazi mbali na ufukwe, ndo maana wavuvi wanawafuata huko na taa usiku, sehemu na saa ambazo fisi maji hana shughuli nazo. Kwa hiyo anabaki na sangara wachanga, sato wadogo, furu waliosalia kwenye miamba, na kaa na vyura kwa kusindikizia. Bahati nzuri uvuvi ulipompunguza sangara kuanzia miaka ya 1990 baadhi ya furu walirudi rudi, sio wote, lakini walirudi.

Sasa weka hapo sheria ya uvuvi. Sangara hatakiwi kuvuliwa akiwa chini ya sentimita 50, sato chini ya sentimita 25. Samaki wa kawaida anayeliwa na fisi maji ni wa sentimita 20 kushuka chini. Unaona ninapoelekea. Samaki wengi anaokula ziwani ni wale ambao mvuvi anayefuata sheria hakutakiwa kuwa nao kwenye mtumbwi. Atasema mtu, lakini hao wadogo wangekua wakawa wakubwa. Wachache sana wangekua. Samaki anataga mayai maelfu kwa sababu karibu wote wanaliwa na mtu fulani kabla ya kukua, wanaliwa na sangara mwenyewe ambaye anakula mpaka watoto wake, wanaliwa na mnandi, kambale, kenge, na kokoro moja, ule wavu mkubwa wa kukokota, lililovutwa ufukweni kwenye mazalia linabeba kwa mkupuo samaki wachanga ambao familia ya fisi maji ingewala kwa siku nyingi sana. Mi sioni hesabu yoyote ambayo inamfanya huyu mnyama kuwa sababu ya ziwa kuisha samaki.

Ila suala la nyavu ni tofauti na hapo lazima tuwe wakweli, wavuvi hawasemi uongo. Nyavu za makila, zile za kutega zinazosimama majini samaki anasie mwenyewe, zikitegwa karibu na miamba au pembeni ya matete, fisi maji anapita na anakuta samaki kasimama hawezi kukimbia. Hata wewe ungesimama. Anamng'ata, anavuta, nyuzi zinakatika, anaondoka na nusu anaacha kichwa, au anaacha tundu. Samaki aliyeng'atwa hauziki kiwandani. Mwenye nyavu mbili tatu za kukopa akikuta matundu asubuhi hilo sio jambo dogo na makala ya mtandaoni haitamshonea. Lakini pia tundu moja linaweza kuwa la mamba, la kenge, la kambale mkubwa, la mwamba, la mtumbwi uliopita usiku, na mara nyingi lawama inakwenda kwa yule aliyeonekana akiogelea pale asubuhi. Na fisi maji anaonekana kwa sababu yeye ni wa mchana, wengine wanafanya yao gizani.

Upande wa pili wa nyavu hausemwi sana. Fisi maji akinasa hana muda. Nimesema mbizi zake hazifiki nusu dakika, huyu sio samaki, anapumua hewa kama wewe, akizungukwa na nyuzi chini ya maji anakufa haraka mno. Nyavu za timba, zile za uzi mmoja kama wa plastiki ambazo Tanzania zimepigwa marufuku, ndo mbaya zaidi kwake, maana hazionekani majini hata kwa mwenye macho. Anayewinda kwa kuona anauawa na kisichoonekana. Wengine wanauawa kwa makusudi, kwa rungu au kwa mbwa, na ngozi yake sehemu mbalimbali za Afrika inatafutwa kwa dawa za kienyeji na mapambo. Kisheria Tanzania kumuua mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya 2009, na kimataifa ngozi yake iko orodha ya pili ya CITES, inaweza kuuzwa nje kwa vibali tu. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka kwenye kundi la wanaokaribia hatari. Hajafika pabaya kabisa, anaelekea.

Mi binafsi naona nyavu zinaua kwa kuonekana, lakini kinachoua kimya kimya zaidi ni rangi ya maji. Ziwa Victoria la leo sio maji yale ya miaka ya 1920 na 1930 ambapo vipimo vya katikati ya ziwa vilionyesha jicho linapita mita kadhaa kwenda chini. Mashamba yamesogea mpaka ukingoni, mvua inashusha udongo na mbolea, miji imekua na maji taka yanaingia, mwani unakula hayo yote unastawi na ziwa linakuwa kijani kama mchicha uliosagwa, na furu waliokuwa wanakula mwani na mabaki wameliwa, hivyo hata wafagiaji hawapo. Ukichanganya na magugu maji yaliyoingia mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufunika ghuba nzima nzima, unapata ufukwe ambao samaki wapo lakini mwindaji wa macho hawaoni. Samaki anapita sentimita 50 mbele yake na hana habari. Yule mkubwa wa kupapasa angeweza kuishi hapo. Huyu wa madoa hapana. Na ukifyeka matete na kung'oa miti ya ukingoni ili kupata eneo la shamba au mwalo mpya, umemtoa kwenye chumba cha kulala pia.

Kwa hiyo ukisikia ghuba fulani fisi maji wameisha usikimbilie kusema wavuvi wamewaua wote. Inawezekana maji yaliwafukuza kwanza.

Kuna la kufanya kwenye nyavu? Lipo. Uingereza mitego ya samaki ya umbo la mfuko inatakiwa kuwekwa kizuizi mdomoni ili fisi maji wa huko asiingie akazama, lakini nyavu za makila haziwezi kuwekewa kitu kama hicho, ni ukuta tu wa nyuzi. Kinachobaki ni sehemu na saa. Fisi maji wetu ana ufukwe wake na ana alfajiri na jioni yake. Nyavu ikitegwa giza limeshaingia na ikainuliwa kabla hakujapambazuka vizuri, wawili hao hawakutani sana, na samaki wanatoka wazima zaidi hawajakaa wamekufa majini mpaka saa 4 asubuhi. Na kama umeona ule mwamba wenye magamba makavu na harufu, usitege hapo, umetega mlangoni kwa mtu. Sogea mita mia kadhaa kwenye maji marefu ambako ndo sangara wa kuuzika yupo, huko fisi maji haendi. Ukikuta tundu huko, mpelekee mamba lawama.